Kupima Lipidi za Kuvu Maabarani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hutoka kwa wanafunzi wa uzamili na mafundi wa maabara wanaoshughulika na kuvu hapa Uganda: wanaopima uyoga wa kulimwa, wanaochunguza Cryptococcus (hamira inayosababisha homa ya uti wa mgongo) kutoka hospitalini, wanaotafuta hamira ya kuzalisha mafuta, na wanaokagua mahindi na karanga zilizoota ukungu. Majibu yanachukulia kwamba una mizani inayosoma hadi miligramu 0.1, sentrifuji, kabati la kufyonza mvuke na jokofu la baridi kali. Mashine kubwa zikiwepo ni heri. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kazi huharibika kabla sampuli haijaifikia mashine yoyote.

Kuvu ina lipidi zipi, na nianze kupima ipi?

Anza na swali la utafiti wako, si na mashine iliyo karibu. Trigliseridi na esta za steroli ni akiba. Hukaa katika matone ndani ya seli na huongezeka kuvu ikiwa na sukari nyingi na nitrojeni kidogo. Anayetafuta hamira ya mafuta apime hizo. Kwa kawaida kiumbe huhesabiwa kuwa cha mafuta kikivuka asilimia 20 ya uzito mkavu. Yarrowia lipolytica, Lipomyces starkeyi na Rhodotorula toruloides zimo kundi hilo, na Mortierella alpina hutafutwa kwa sababu ya asidi ya arakidoni.

Fosfolipidi na sfingolipidi hujenga utando wa seli. Ergosteroli nayo imo kwenye utando, ikishika nafasi ambayo kwa binadamu inashikwa na kolesteroli. Ndiyo inayolengwa na dawa: amfoterisini B huishika ergosteroli yenyewe, na dawa za jamii ya flukonazoli huzuia kimeng'enya kimoja katika njia ya kuitengeneza. Kwa hiyo anayechunguza usugu wa Cryptococcus kwa flukonazoli hana haja ya kujua jumla ya mafuta. Apime steroli.

Asidi za mafuta zilizo nyingi katika kuvu ni chache: palmitiki (C16:0, yaani kaboni 16 bila kifungo kisichoshiba), steariki (C18:0), oleiki (C18:1) na linoleiki (C18:2). Katika uyoga, linoleiki mara nyingi ndiyo inayoongoza.

Nivune kuvu lini, na niihifadhi vipi?

Andika umri wa kilimo chako, aina ya chakula na uwiano wa kaboni kwa nitrojeni, maana lipidi hubadilika na vyote vitatu. Hamira ileile ikivunwa inapokua kwa kasi, kisha ikavunwa tena siku tatu baada ya nitrojeni kwisha, itakupa picha mbili zisizofanana hata kidogo. Joto pia lina neno: kuvu ikikuzwa kwenye baridi zaidi huongeza asidi zisizoshiba.

Osha seli mara mbili kwa maji baridi yasiyo na viini ili kuondoa chakula, hasa kama uliweka mafuta au Tween (sabuni ya maabara) ndani yake. Gandisha mara moja. Kukausha kwa kugandisha ndiyo njia bora. Tanuri la nyuzi 105 ni la kupima uzito mkavu tu. Sampuli iliyopita humo usiitoe lipidi, kwa kuwa asidi zisizoshiba zimeshaungua na hewa. Uyoga ulioanikwa juani nao una dosari yake: miale ya urujuanimno hugeuza sehemu ya ergosteroli kuwa vitamini D2. Ni habari njema kwa mlaji, na ni hasara kwa anayepima ergosteroli.

Cryptococcus ina tahadhari mbili. Ifanyiwe kazi katika maabara ya usalama wa ngazi ya 2 hadi itakapouawa. Pili, kifuko chake cha nje hubeba maji mengi, hivyo uzito mbichi wa seli hudanganya. Tumia uzito mkavu.

Mbona napata mafuta kidogo kuliko inavyotarajiwa?

Karibu kila mara jibu ni ukuta wa seli. Ukuta wa kuvu una kitini na glukani, na kiyeyushi peke yake hakipenyi vizuri. Kwa hamira, tumia shanga za kioo za milimita 0.5 zilizooshwa kwa asidi, ujazo wake ulingane na ujazo wa seli. Tikisa kwa nguvu dakika moja, weka kwenye barafu dakika moja, na rudia mara tano hadi nane. Kisha angalia tone moja kwa hadubini. Hesabu seli 200: zikiwa zaidi ya 20 bado nzima, endelea kutikisa. Watu wengi huruka hatua hii ya hadubini, halafu hulaumu kiyeyushi.

Kwa uyoga na nyuzi za kuvu, kausha kwa kugandisha, saga, na pitisha kwenye chekecheo la milimita 0.5. Ukiwa na nitrojeni ya maji, ileile wanayobebea mbegu za ng'ombe wahudumu wa uhimilishaji, saga humo kwa kinu na mchi vilivyopoozwa kwanza.

Kuna hatari nyingine kinyume cha hiyo. Ukishavunja seli, vimeng'enya vyake huanza kula lipidi. Dalili zake ni asidi huru za mafuta nyingi kupita kiasi, asidi ya fosfatidi, na fosfolipidi zilizopoteza mnyororo mmoja wa asidi ya mafuta. Ukiziona, usifikirie umegundua jambo. Dawa yake ni kutumbukiza sampuli kwenye isopropanoli iliyopashwa nyuzi 75, yenye BHT asilimia 0.01, kwa dakika 15 hadi 30 kabla ya kusaga. BHT huzuia mafuta yasichache, lakini nayo hutoa kilele chake kwenye kromatografia (mbinu ya kutenganisha kemikali), kwa hiyo ijue ilipo.

Folch au Bligh na Dyer?

Zote mbili ni njia za kutoa lipidi kwa kloroformu na methanoli. Njia ya Folch ya mwaka 1957 hutumia mchanganyiko wa 2:1, ujazo mara 20 ya sampuli. Ya Bligh na Dyer ya 1959 ilibuniwa kwa nyama ya samaki, yenye maji mengi na mafuta machache, na inatumia kiyeyushi kidogo. Kwa kuvu zenye akiba kubwa ya mafuta chagua Folch, kwa sababu Bligh na Dyer hupunguza matokeo mafuta yanapokuwa mengi. Kwa uyoga, ambao mara nyingi hauzidi asilimia chache za mafuta kwa uzito mkavu, Bligh na Dyer inatosha na inaokoa kloroformu, ambayo si rahisi kuagiza.

Kwa Bligh na Dyer, miligramu 100 za unga mkavu, kwenye neli ya kioo yenye kifuniko cha utando wa PTFE (Teflon):

Weka maji ml 0.8 na uache unga ulowe dakika kumi. Sampuli kavu lazima irudishiwe maji, la sivyo uwiano wote unavunjika. Ongeza methanoli ml 2, kisha kloroformu ml 1. Tikisa dakika mbili. Ni lazima uone kimiminika kimoja kisicho na matabaka. Ukiona matabaka mawili sasa hivi, maji yamezidi, ongeza methanoli na kloroformu kidogo kwa uwiano uleule wa 2:1. Acha saa moja ukitikisa mara kwa mara, zungusha kwenye sentrifuji dakika kumi, na uhamishe kimiminika kwenye neli nyingine. Rudia hatua hizo kwa mashapo yaliyobaki, kisha changanya vimiminika vyote viwili.

Sasa ongeza kloroformu ml 2 na mmumunyo wa chumvi ya mezani asilimia 0.9 ml 2. Tikisa, zungusha tena. Matabaka yatajitenga: lipidi ziko chini kwenye kloroformu, sukari na chumvi ziko juu, na katikati kuna utando mweupe wa protini. Pipeti ya kioo ishushwe hadi chini huku ukipuliza viputo polepole, ili tabaka la juu lisiingie. Kausha kwa mkondo wa nitrojeni, joto lisipite nyuzi 40, na upime hadi uzito usibadilike.

Kwa uyoga mbichi kumbuka kwamba takriban asilimia 90 yake ni maji. Gramu moja tayari ina maji ml 0.9, kwa hiyo usiongeze maji; weka methanoli ml 2.2 na kloroformu ml 1.1.

Tabaka la katikati likiwa povu lisiloisha, zungusha tena kwa kasi zaidi kwenye baridi, au ongeza chumvi kidogo. Usilikoroge kwa kijiti.

Anayetaka kuikwepa kloroformu anaweza kutumia njia ya Matyash ya 2008, yenye etha ya methili-tati-butili, methanoli na maji kwa uwiano wa 10:3:2.5. Lipidi hukaa juu, jambo linalorahisisha kuchota. Angalia tu mtu asiyezoea asije akamwaga tabaka la juu akidhani ni maji.

Tuna Soxhlet (chombo cha kutoa mafuta kwa kiyeyushi cha moto) ya kupimia mafuta ya chakula. Haitoshi?

Inatosha kwa lebo ya chakula. Heksani au etha ya petroli huchukua akiba na kuacha sehemu kubwa ya fosfolipidi na sfingolipidi, na katika uyoga hizo si kidogo. Tena saa sita za joto si rafiki wa asidi ya linoleiki.

Hatuna mashine ya kromatografia ya gesi. Tunaweza kufanya nini cha maana?

Mengi kuliko watu wanavyodhani. Kromatografia ya tabaka jembamba kwenye silika geli 60 hukuonyesha makundi yote makubwa kwa mchana mmoja. Pasha bamba nyuzi 110 kwa dakika 30 kwanza, maana hewa ya Kampala na Entebbe ina unyevu na silika huunywa. Bamba lenye unyevu hupeleka madoa mahali pasipo pake. Chora mstari kwa penseli sm 1.5 kutoka chini, weka mikrogramu 50 hadi 100 kwa kila doa, na karatasi ya chujio ndani ya tangi ili mvuke uenee.

Kwa lipidi za akiba tumia heksani, etha ya diethili na asidi ya asetiki 80:20:1. Kutoka juu utaona esta za steroli, trigliseridi, asidi huru za mafuta, kisha steroli zikikaribiana na digliseridi. Fosfolipidi hubaki mstarini. Kuzitenganisha hizo, endesha bamba lingine kwa kloroformu, methanoli na maji 65:25:4. Mvuke wa iodini huonyesha karibu kila kitu na hauharibu, ninhidrini huonyesha zenye amini, na salfeti ya shaba asilimia 10 katika asidi ya fosforiki asilimia 8, ikipashwa nyuzi 180, huunguza madoa yote kuwa meusi. Weka vilinganishi vinavyojulikana kwenye kila bamba, si kwenye bamba la kwanza tu.

Kwa jumla ya mafuta kuna kipimo cha rangi cha sulfo-fosfo-vanilini. Yeyusha vanilini gramu 0.6 katika ethanoli ml 10, ongeza maji ml 90 na asidi ya fosforiki kali ml 400, uhifadhi gizani. Chukua sampuli ml 0.1, weka asidi kali ya salfuriki ml 2, pasha nyuzi 100 dakika kumi, poza kwenye barafu dakika tano, ongeza kitendanishi ml 5, acha nyuzi 37 dakika 15, soma kwa nanomita 530. Hapa mwinuko una la kusema: Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka karibu nyuzi 96. Sufuria inayotokota haitakufikisha 100. Tumia kizuizi cha chuma chenye kupashwa, au tengeneza mstari wako wa vilinganishi kwenye joto lilelile la sampuli.

Rangi hiyo hutokana na vifungo visivyoshiba. Kuvu yenye mafuta mengi yaliyoshiba itaonekana maskini kuliko ilivyo, kwa hiyo kilinganishi kiwe mafuta yanayofanana na ya kuvu yako. Na sukari iliyobaki huungua kwenye asidi ikatoa rangi ya kahawia inayokuongezea namba za bure.

Ergosteroli inapimwaje?

Kwa hamira na Cryptococcus, njia iliyoenea ni ya alkali na mwanga. Tengeneza KOH (hidroksidi ya potasiamu) gramu 25 katika maji ml 35, jazia ethanoli hadi ml 100. Weka ml 3 juu ya seli zilizopimwa, tikisa dakika moja, na pasha nyuzi 85 kwa saa moja. Ethanoli huchemka chini ya joto hilo, na kwa mwinuko wetu huchemka mapema zaidi. Neli ziwe za kioo kinene, vifuniko vikazwe, na usijaze kupita nusu. Poza, ongeza maji ml 1 na heptani ml 3, tikisa dakika tatu. Tabaka la juu la heptani lipunguze mara tano kwa ethanoli na usome kutoka nanomita 240 hadi 300. Ukitaka hesabu iliyo hapa chini, anza 220, kwa sababu utahitaji usomaji wa 230.

Ergosteroli ina sahihi yake: vilele karibu na 262, 271, 282 na 293. Mstari ukipanda tu bila vilele hivyo, unachopima ni ukungu wa kimiminika au mafuta yaliyobaki. Kwa hesabu, gawa ufyonzaji wa 281.5 kwa 290, zidisha kwa kipunguzo na ugawe kwa uzito wa seli. Hiyo ni ergosteroli pamoja na kitangulizi chake kiitwacho 24(28)-DHE. Kitangulizi hicho pekee hupatikana kwa kugawa ufyonzaji wa 230 kwa 518 na kuendelea vivyo hivyo. Tofauti ya hizo mbili ndiyo ergosteroli. Seli zilizopewa flukonazoli ya kutosha huonyesha vilele vilivyolala.

Kwa nafaka, karanga na udongo, njia hiyo haitoshi kwa sababu vitu vingine hufyonza mwanga hapohapo. Tumia kromatografia ya kimiminika: kolamu ya C18 ya mm 250 kwa 4.6, methanoli tupu, ml 1 hadi 1.5 kwa dakika, nanomita 282. Kilinganishi kiwe kwenye chupa za rangi ya kahawia, nyuzi hasi 20.

Ergosteroli nyingi kwenye mahindi ina maana kuna afulatoksini?

La. Ina maana kuvu imeota, au iliwahi kuota. Ergosteroli yaweza kubaki baada ya kuvu kufa. Kuna Aspergillus flavus isiyotoa sumu, na kuna sumu inayobaki baada ya ukungu kupanguswa. Afulatoksini ipimwe yenyewe.

Kwa karanga ongeza tahadhari: karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, nayo humeza alkali. Punguza sampuli au ongeza KOH, na hakiki kwa kuweka kiasi kinachojulikana cha ergosteroli mwanzoni na kuona kinarudi kiasi gani.

Asidi za mafuta kwa kromatografia ya gesi: nini cha kuzingatia?

Zigeuze kuwa esta za methili. Lipidi miligramu 1 hadi 5, asidi ya salfuriki asilimia 2 katika methanoli kavu ml 2, nyuzi 80 kwa saa mbili, kisha maji ml 1 na heksani ml 2. KOH katika methanoli ni ya haraka zaidi lakini haigusi asidi huru. Sampuli iliyoliwa na vimeng'enya itaonekana safi kumbe sivyo. Maji ni adui hapa, hivyo sampuli iwe kavu kabisa.

Kolamu yenye polietilini glaikoli, mita 30 kwa mm 0.25, hutenganisha C18:1 na C18:2 bila shida. Weka kilinganishi cha ndani kabla ya kutoa lipidi, si baada, ili kibebe hasara zote za njiani. C17:0 ni maarufu, ila baadhi ya kuvu huitengeneza kidogo. Endesha kwanza sampuli isiyo nayo, au tumia C19:0. Mfano wa hesabu: umeweka mg 0.5 kwenye seli kavu mg 50, eneo la kilele chake ni 200,000 na la asidi nyingine zote ni 1,600,000. Hiyo ni mara nane, yaani mg 4, au asilimia 8 ya uzito mkavu.

Kwa nini sampuli tupu (isiyo na kuvu) ina C16:0 na C18:0?

Plastiki, glavu, vidole, grisi ya vifaa, na sabuni. Kloroformu hukamua plastiki. Tumia kioo na PTFE tu, suuza kwa kiyeyushi kabla ya kazi, na endesha sampuli tupu katika kila kundi. Vilele hivyo vikizidi sehemu ya kumi ya vilele vya sampuli, kundi hilo lirudiwe. Kuvitoa kwa hesabu ni kujifariji.

Naweza kutumia C18:2 kupima kiasi cha kuvu kwenye mikeka ya uyoga (mchanganyiko unaooteshea uyoga)?

Kwa wakulima wengi hapa, mikeka ni maganda ya mbegu za pamba, na mafuta ya pamba yenyewe ni linoleiki kwa zaidi ya nusu. Utapima pamba. Njia hiyo ilibuniwa kwa fosfolipidi za udongo, na hata huko mizizi ya mimea huichafua. Kwenye mikeka pima ergosteroli, na linganisha na maganda ambayo hayajapandwa mbegu ya uyoga lakini yamechemshwa vivyo hivyo.

Rangi ya Nile Red inafaa?

Kwa kuchuja hamira nyingi haraka, ndiyo. Hifadhi mg 1 kwa ml ya asetoni, gizani. Tumia mikrogramu 1 kwa ml. Matone ya mafuta hung'aa manjano. Usilinganishe spishi kwa namba za mng'ao, kwa sababu kila ukuta huipitisha rangi kwa kiwango chake. Bila hadubini ya mng'ao, rangi ya Sudan nyeusi B inatosha kujua kama mafuta yapo au hayapo.

Ni lini inafaa kupeleka sampuli kwenye spektrometa ya tungamo?

Unapotaka kujua molekuli moja moja: fosfatidilikolini ipi, ina minyororo ipi. Uliza kwanza kama swali lako linahitaji hilo. Sfingolipidi zenye inositoli hazitoki vizuri kwa Folch. Zinataka mchanganyiko wa ethanoli, etha, maji, piridini na amonia, nyuzi 60. Usipowaambia mapema, utalipia orodha isiyo nazo.

Kwa kusafirisha, peleka lipidi zilizokaushwa chini ya nitrojeni kwenye vichupa vya kioo, si seli. Vibali vya utafiti na vya kutoa sampuli nje ya nchi hupitia Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, na havitoki kwa wiki moja.

Umeme ukikatika katikati ya kazi?

Mahali salama pa kusimama ni mawili: seli zilizogandishwa, au lipidi ndani ya kloroformu yenye BHT, chini ya nitrojeni, kwenye baridi. Lipidi zilizokaushwa na kuachwa wazi usiku mmoja zimechacha. Katika kukausha kwa kugandisha, umeme ukirudi baada ya sampuli kuyeyuka, tupa. Hapo vimeng'enya vimeshakula. Jokofu la nyuzi hasi 80 lisifunguliwe hadi umeme urudi.

Taka za kloroformu niziweke wapi?

Chupa ya kioo ya kahawia yenye lebo, peke yake, isichanganywe na asetoni wala alkali: kloroformu na asetoni penye alkali huripuka. Isimwagwe sinki. Kloroformu ya zamani iliyokaa kwenye mwanga hutoa fosjini, kwa hiyo andika tarehe ya kufungua na nunua iliyotiwa ethanoli kidogo ya kuilinda. Taka zikusanywe na kampuni yenye leseni ya NEMA (mamlaka ya taifa ya usimamizi wa mazingira). Chupa isijae kupita robo tatu, maana mchana wa Kampala huivimbisha.